Waliotoroka Wodi ya Wanaume

Wadogo zangu wa wodini, siku ya kuniaga mlinipa kanga, redio na kiti cha kukunja, halafu mkaniongezea na kazi: niandike niliyoyaona. Kiti nakikalia, redio naisikiliza, kanga binti yangu ameshaichukua, kwa hiyo limebaki hilo la kuandika. Niko nyumbani Buhembe, migomba imenizunguka, na hakuna anayeniita kumbadilishia dripu. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana vya kwangu havikuwa na hadithi. Nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza lililonifuata tangu asubuhi yangu ya kwanza kazini mpaka nilipokabidhi funguo: "abscond."

Nilifika Muleba nimetoka chuoni, sare imenyooshwa mpaka inakata, kichwani Kiingereza tele. Sisi Wahaya na Kiingereza mnatujua. Tunasemwa nchi nzima, na mara nyingi wanaotusema hawajakosea. Hospitali ilikuwa ya misheni, juu ya kilima, na nilipangwa wodi ya wanaume chini ya Metroni Eudia, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya upole ambayo hata hivyo ilisikika mpaka jikoni. Asubuhi hiyo hiyo nilikuta kitanda cha pembeni kitupu, shuka limekunjwa vizuri, bakuli limeoshwa. Niliwauliza wenzake, wote wakaangalia dari. Nikachukua faili, nikaandika kwa mwandiko wa chuoni kwamba mgonjwa ame-"abscond", nikapiga na mstari chini yake.

Metroni alisoma, akavua miwani, akaniuliza kama ninajua maana ya nilichoandika. Nikamtajia ile ya kwenye kamusi: kuondoka mahali kwa siri ili usikamatwe. Akasema basi hilo ni neno la polisi. Linamfaa mfungwa aliyeruka ukuta, askari aliyeacha lindo, mwanafunzi wa bweni aliyekwenda dansini, na mweka hazina wa chama anayetafutwa yeye na kisanduku chake. Sasa huyu wa kitanda cha pembeni ni yupi kati ya hao? Mgonjwa mwenyewe alirudi kabla ya chakula cha mchana, ameshika kichane cha ndizi. Alikuwa amekwenda kwake kuangalia kama wanawe wamemfunga ng'ombe sawasawa. Ndizi tulikula wote, na mimi nilikula zaidi ya mbili.

Hata hivyo neno lenyewe hatukuweza kuliacha, kwa sababu faili la hospitali lina njia chache za kumtoa mtu wodini. Ameruhusiwa, amepewa rufaa, amefariki, au ndiyo hivyo tena. Midomoni mwetu likageuka Kiswahili cha wodini. Tulisema fulani kaabskondi, fulani ana dalili za kuabskondi, na mpishi akichelewa tulisema uji umeabskondi. Lakini kuliandika kulikuwa na sheria. Metroni hakuruhusu liandikwe kabla jua halijazama, wala kabla hatujamtafuta mtu jikoni kwa wauguza wagonjwa, kanisani, na kwenye kilabu cha lubisi kule chini ya kilima, maana pombe ya ndizi nayo ina mvuto wake. Na aliniambia jambo moja ambalo wengi wenu nimewachosha nalo:

"Usiulize amekwenda wapi, mwanangu. Uliza nini kimemwita."

Nilichukua muda kumwelewa. Mtu wa chuoni anadhani mgonjwa anakimbia kitu: sindano, harufu ya dawa, uso wa muuguzi. Kumbe wengi hawakimbii kitu, wanaitwa. Kahawa ikiiva kwenye mti inaita. Senene, wale panzi wetu watamu, wakishuka baada ya mvua wanaita, na hapo nakiri hata nesi alikuwa akichungulia dirishani na mfuko wake tayari. Msiba ndio unaoita kuliko vyote. Nyinyi mliokuja kutoka mikoa mingine mlishangaa, lakini huku mtu asipoonekana kwenye maziko ya jirani, atajibu kwa wenzake wa bujuni, kile chama chetu cha kuzikana, na siku ya kwake atachimbiwa kaburi na watu wenye uso wa kununa.

Ndivyo Mzee Kaijage wa Kishanda alivyotutoka na nyuzi za upasuaji wa ngiri bado mbichi tumboni. Metroni alinituma nimfuate kwa bodaboda. Nilimkuta mstari wa mbele makaburini, koti limevaliwa juu ya gauni la hospitali, anaimba sauti ya besi, mkono mmoja tumboni. Kumtoa mtu msibani huku wimbo haujaisha ni kujitafutia laana, kwa hiyo nilisimama, nikaimba na mimi. Baada ya maziko nikakaribishwa kwa Kihaya, nyegera waitu, nikapewa ndizi na maharage, na mwenyekiti wa bujuni akanishukuru mbele ya watu kwa kumleta mgonjwa kuzika. Kila mtu aliniangalia kwa heshima. Ningeanzia wapi kuwaeleza kwamba sikumleta, nimekuja kumkamata? Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja, Mzee katikati, polepole kama tumebeba mayai. Nyuzi zilikuwa salama.

Kwa kuwa mnapenda mambo ya vitendo, niwape la sala. Kila asubuhi mwinjilisti alikuja wodini, mtu wa Mungu kweli, mwenye sala iliyozunguka vijiji vyote vya Muleba kikiwemo Kagoma alikozaliwa mkewe. Wote tulifumba macho. Tukifumbua, kitanda kimoja kitupu. Sala ile ndiyo ilikuwa lango kuu la kutokea. Nilipoingia kwenye nafasi ya Metroni alipostaafu, aliniachia ushauri kwamba bosi wa wodi ya wanaume anasali amefumbua macho, na kwamba Mungu anaielewa hali hiyo. Nimesali hivyo mpaka leo. Hata kanisani kwetu Buhembe watu wanadhani nakagua nguo zao.

Kitu kingine nilichojifunza kwa kusumbuka ni mwezi. Wagonjwa wetu hawakuwa wakulima peke yao. Visiwani kuna kambi za wavuvi waliotoka Mwanza, Mara, Geita na hata ng'ambo ya mpaka, na wengi wao ni wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, na wanaoumwa huja hospitali. Giza likikaribia, yaani zile siku mwezi unapokonda, vitanda vyao vinaanza kuwa vitupu. Mwanzoni niliona ni ukaidi. Baadaye nilitundika ukutani kalenda ya kanisa yenye alama za mwezi, na nikawa napanga zamu kwa kuitazama. Daktari Rwegasira, mganga wetu kijana, aliikuta akaniuliza kama nimeanza kupiga ramli. Nilimwonyesha nani atatoroka wiki ile. Walitoroka. Baada ya hapo alikuwa akiniuliza mwenyewe habari za mwezi kabla ya kupanga upasuaji.

Sasa nifike kwa Masalu, ambaye ndiye aliyenifanya niishike kalamu.

Masalu alikuwa mvuvi wa dagaa, Msukuma, kijana mrefu mwenye kicheko kikubwa kuliko mapafu yake. Alikuja mara ya kwanza na kifua kikuu, akaanza dawa, akapata nafuu, giza likaingia, akaondoka. Alikuja mara ya pili, mambo yakawa yale yale, safari hii akipitia sala ya asubuhi. Mara ya tatu hakuja, aliletwa. Wenzake walimbeba kwenye blanketi kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, na alikuwa mwepesi hata nilimweka kitandani mimi na nesi mwanafunzi bila kumwita mwanamume. Daktari alimpima, akamsikiliza, kisha akaketi kitandani kwake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alimweleza waziwazi kwamba ugonjwa uliokatiziwa dawa hujifunza ujanja. Safari hii dawa bado zinaweza kumponya, lakini akizikatiza tena, hana hakika kama kutakuwa na dawa nyingine ya kumpa. Akae wodini wiki hizi za mwanzo mpaka asiweze kuambukiza wenzake, halafu amalizie kidonge chake cha kila siku kambini mpaka mwisho.

Masalu alisema ndiyo, daktari. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimeangalia kalenda. Giza lingeingia kabla wiki hizo hazijaisha.

Nilipata hasira, nawaambia kweli. Mtu unamwona anakwenda kufa kwa miguu yake, na unajua kabisa siku atakayoondoka. Mlinzi wa geti alishauri tumfiche suruali. Muuguzi mmoja, simtaji kwa kuwa anasoma hapa, alishauri tumhamishie kitanda karibu na anaposimama mwinjilisti. Nikakumbuka maneno ya Metroni, nikaenda kukaa na Masalu wakati wa kumpa uji. Nikamuuliza nini humwita. Nilitegemea atasema kazi, au maisha magumu, yale majibu ya kumridhisha muuguzi. Aliliweka bakuli chini.

"Sista, mimi huku sina kwetu," akasema. "Nina nafasi kwenye mtumbwi, basi. Giza likinipita, nafasi ina mtu mwingine. Nikipona, nitaponea wapi?"

Hilo sikuwa na dawa yake kabatini. Kambini, mtu asiye na nafasi kwenye mtumbwi hana hata mahali pa kulala, maana vibanda vyenyewe ni vya tajiri, yaani mwenye mitumbwi, na hulaza watu wake tu. Kwa hiyo Masalu hakuwa akichagua kati ya dawa na dagaa. Alikuwa akichagua kati ya kufa na kuwa mtu asiye wa mahali popote, na kwa kijana wa umri ule la pili lilimtisha zaidi. Nilirudi ofisini nikaomba siku yangu ya mapumziko.

Mimi ni mtu wa ndizi. Ziwa ninalipenda nikiwa nimekaa juu ya mlima. Lakini nilivaa buti zangu za mvua, nikavaa boya la kuokolea mpaka masikioni, nikapanda boti ya abiria pamoja na magunia ya mkaa na mbuzi mmoja aliyenionea huruma. Nilitapika njia nzima. Abiria wenzangu walipojua mimi ni muuguzi walifurahi sana, wakanishauri dawa za kienyeji.

Kisiwani nilipelekwa kwa tajiri. Alikuwa mtu mkali, na alipokuwa akinijibu aliendelea kukagua nyavu zake. Alisema anamwombea Masalu, lakini kifua kikuu hakitaki kwenye kibanda kinacholaza watu wengi, na nafasi kwenye mtumbwi haikai wazi. Nilimweleza kwamba akimaliza wiki za mwanzo hataambukiza mtu, na kwamba tukiwapima wenzake sasa hivi tutakuwa tumewaokoa pia. Akasema tutaona. Nyinyi mnajua "tutaona" ya Kiswahili maana yake ni nini.

Aliyeniokoa ni mpishi wa kambi. Mama Minza alikuwa Mkerewe, mjane, mikono imeungua kwa masufuria, na kambi nzima ilimwogopa akiwemo tajiri. Alinikuta nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nimechoka, ziwa bado linazunguka kichwani. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniongoza jikoni kwake. Nje ya jiko kulikuwa na kichanja cha vyombo, na juu yake sahani za bati, kila moja imetobolewa alama yake kwa msumari. Alinieleza kwamba pale hakuna aliyeajiriwa kwa maneno. Mtu akipokelewa kambini, mpishi anamtolea sahani. Mtu akifukuzwa au akiondoka, mpishi anaitoa kichanjani na kuifunika chini. Tajiri anaweza kusema lolote, lakini sahani ikiwa juu, mwenye sahani ni mtu wa kambi, na anayetaka nafasi yake atakula kwa kutumia nini?

Akachukua sahani yenye alama ya samaki mwenye jicho kubwa, akaipangusa kwa kanga yake.

"Mwambie haijashuka. Nitaipakulia kila siku na kumpa mtoto wa jirani ale, lakini haishuki. Na akirudi, kwanza kidonge mbele yangu, ndipo ugali."

Nilirudi na ujumbe huo. Nilimpa Masalu neno kwa neno, na kwa kuwa najua watu huwatilia shaka wauguzi, nilimwelezea samaki alivyochorwa, jicho lake na mkia uliopinda. Hapo akaamini. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka kichwani, na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nikaenda kupima joto la wengine, maana mwanamume akilia chini ya shuka haulizwi.

Giza likaingia. Asubuhi ya kwanza mwinjilisti akaja, akaanza sala yake, akavuka Kishanda, akakaribia Kagoma, na mimi macho yangu kwenye kitanda cha Masalu. Mara mgonjwa wa mlangoni akaanguka na dripu yake, nikakimbia kumwinua. Nilipogeuka kitanda kilikuwa kitupu. Nilitoka nje bila hata kuvaa kandambili, nikazunguka nyuma ya jengo ambako uzio una tundu linalojulikana na wagonjwa wote na uongozi pia. Nikamkuta Masalu amesimama mbele ya tundu, amenyoosha mikono yote miwili kama golikipa. Upande wa pili wa mikono hiyo alikuwa mzee mmoja wa vidonda vya miguu, koti mkononi, ambaye kahawa yake ilikuwa imeiva. Masalu alikuwa akimwambia, huku akikohoa, kwamba babu, dawa haimaliziwi shambani. Mzee akajibu kwa Kihaya maneno ambayo nashukuru Masalu hakuyaelewa. Wote wawili walirudi ndani. Mwinjilisti alikuwa hajafika amina.

Alimaliza wiki zake. Siku ya kuondoka daktari alimruhusu kwa maandishi, nikamfungia dawa kwenye kopo lililofungwa vizuri lisiingie maji, nikamweleza arudi kila mwezi kuchukua nyingine. Tajiri, nasikia, alimkuta Masalu amekaa mbele ya sahani yake, akaguna, akaenda zake. Hakuna mwingine aliyekuwa amepewa nafasi kwa sababu Mama Minza alikataa kumpakulia. Kila mwezi Masalu alikuja mwenyewe au alituma mtu na kopo tupu. Kila mara nilipolijaza nilihesabia kwamba bado yu hai, na bado anakula mbele ya yule mama.

Mwezi wa mwisho ndio ulionikosesha raha. Dawa zikiisha ni lazima mtu aje mwenyewe, atoe makohozi yapimwe, ndipo tujue kama amepona. Aliyepata nguvu na anajisikia mzima haoni sababu ya kuja. Nilitazama kalenda yangu ukutani: siku aliyopangiwa ilikuwa katikati ya giza, na wavuvi wote walisema dagaa wa mwezi ule walikuwa wengi kuliko walivyoonekana kwa muda mrefu. Nilimwambia Daktari Rwegasira kwamba Masalu hatakuja. Akaniuliza kama ndivyo mwezi unavyosema. Nikamwambia ndivyo.

Siku hiyo nilifanya kazi zangu zote kwa ukali. Niliwafokea watu kwa ajili ya pamba. Karibu na saa nane mchana nikasikia kicheko kwenye korido, kicheko kikubwa ambacho sasa kilikuwa na mapafu ya kukitosha. Masalu alikuwa amenenepa, shati limembana, ananuka dagaa kutoka juu mpaka chini, na nyuma yake Mama Minza ameshika sahani ya ugali iliyofungwa kwa kanga, eti kwa sababu haamini chakula cha hospitali. Walikuwa wametoka ziwani moja kwa moja. Alitoa makohozi, akakaa kwenye benchi akisubiri, na mimi nikajifanya nina kazi maabara.

Majibu yalitoka safi. Daktari aliniachia mimi nimwambie. Nilimwambia, nikarudia ili Mama Minza naye asikie. Mama Minza alishika kichwa kwa mikono miwili akasema kitu kwa Kikerewe. Masalu alisimama, akavua kofia. Katika miaka yangu yote wodi ile, wavuvi wa visiwani niliwajua kwa migongo yao tu, wakitokomea kwenye tundu la uzio.

"Sista," akasema, "nimekuja kuaga."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine kwa Kiingereza. Nikamshika mkono, nikamtoa nje mpaka kwenye geti, nikamwambia aende haraka, giza lisimpite.